Marefa saba, macho kumi na manne, na bado wanaulizana!

Msomaji wangu, wiki hii naanza kwa kuungama. Usinihukumu haraka, soma kwanza mpaka chini.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na bado naganga njaa kijiweni, nilipewa kibendera kwenye fainali ya mashindano ya mtaani kwetu. Mshika kibendera wa siku zote alikuwa kaenda msibani, na mimi nilikuwa najulikana kuwa nazijua sheria za mpira, maana kwa ubishi nilikuwa sina mpinzani. Basi nikavishwa jezi nyeusi inayonipwaya, nikasimama pembeni kifua mbele kama mtu wa FIFA.

Dakika za mwisho, ngoma ikiwa moja kwa moja, ikapigwa krosi. Mshambuliaji wa wenyeji akaruka pamoja na kipa, na mimi kwa macho yangu haya mawili nikamwona anausukumia mpira wavuni kwa mkono. Refa alikuwa nyuma ya msitu wa watu, hakuona kitu. Akanitazama mimi. Nyuma yangu kulikuwa na umati wa mashabiki wa wenyeji, wengine wameshaanza kuingia uwanjani kushangilia, na mmoja alikuwa ananihemea shingoni kabisa. Nikatimua mbio kuelekea katikati ya uwanja. Kwa lugha ya washika vibendera, maana yake ni goli safi.

Mechi ikaisha 2-1, wenyeji wakabeba mbuzi wao. Kipa wa timu iliyofungwa, kijana wa rika langu, akanifuata na kuniuliza kwa upole, "Kaka, hata wewe hukuona?" Nikamjibu sikuona.

Hiyo ndiyo dhambi yenyewe. Sasa utaniuliza, hayo yanahusiana nini na Marekani? Vuta subira.

KWA FUNDI SIMU

Nina mshikaji wangu fundi simu ambaye amelogwa na mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kuvaa makofia magumu. Ukipeleka simu yako kwake, kabla hajaifungua atakuonyesha kwanza vipande vya mechi. Mwanzoni nilikuwa namcheka. Watu wazima wanasukumana sekunde tano, wanasimama, wanapanga mstari, wanasukumana tena. Hiyo nayo ni burudani?

Kilichonikamata si wachezaji, ni marefa. Kila likitokea tukio la utata, wanakusanyika vichwa pamoja kama wazee wa ukoo wanaojadili posa. Uwanja mzima unazomea, kocha anatoa mapovu, wao wananong'onezana tu. Kisha mmoja mwenye kofia nyeupe anajitokeza, anawasha kipaza sauti kiunoni na kuwatangazia watu wote kilichoamuliwa. Nikamwuliza mshikaji, hawa wanaambiana nini pale? Akacheka, akaniambia kaa hapo kwenye benchi. Nikakaa saa tatu nzima.

SABA KWA MPIGO

Tuanze na somo dogo ili tusiachane njiani. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikizipata, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukiufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la mwenzako umepata tachidauni, ambayo ni pointi sita, halafu unapewa nafasi ya kuongeza. Basi, hapo umeshajua ya kutosha kubishana.

Kwenye ligi yao kubwa ya kulipwa, NFL, uwanjani wanakuwepo waamuzi saba. Mwenye kofia nyeupe ndiye refa mkuu, wengine sita wana kofia nyeusi. Saba walifika mwaka 1978, kabla ya hapo walikuwa sita. Kila mmoja ana eneo lake. Mwingine anamlinda mrusha mpira, mwingine mstari wa pembeni, mwingine yuko kule nyuma kabisa mipira mirefu inakotua. Akiona kosa, yeyote kati yao ana haki ya kurusha kitambaa chake cha njano. Hahitaji ruhusa ya mkubwa.

Na si wanaume watupu. Mwaka 2015 mwanamama Sarah Thomas aliajiriwa kuwa mwamuzi wa kudumu wa NFL, wa kwanza mwanamke, na Februari 2021 akachezesha Super Bowl, fainali yenyewe. Dada zangu mnaoambiwa mpira hauwahusu, mpo hapo?

Sasa, kabla mpira haujaanza kuchezwa, hawa watu wameshaanza kuongea bila kufungua mdomo. Wamegawana kuhesabu wachezaji wa kila upande, na wakipata kumi na mmoja kamili wananyoosha mkono na ngumi, kuambiana kwamba hesabu iko sawa. Timu ikipiga mpira wa teke kupita kati ya milingoti ya goli, waamuzi wawili wanasimama chini, kila mmoja na mlingoti wake. Mpira ukipita, wanatazamana kwanza ndipo wanainua mikono kwa pamoja. Ni kajambo kadogo hako ka kutazamana. Lakini ngoja nikuonyeshe kinachotokea kakikosekana.

KUHESABU MPAKA NNE KUKAWASHINDA

Oktoba 6, 1990, mji wa Columbia, jimbo la Missouri. Hii ilikuwa mechi ya vyuo vikuu, Missouri wakiwa kwao dhidi ya Colorado. Missouri wanaongoza 31-27, muda unayoyoma, na Colorado wamefika yadi tatu tu kutoka eneo la mwisho. Wana majaribio manne.

La kwanza, mrusha mpira wao Charles Johnson akaubamiza mpira chini makusudi ili saa isimame. La pili, Eric Bieniemy akakimbia nao, akazuiwa. Colorado wakaomba mapumziko mafupi. Hapo ndipo kasheshe lilipozaliwa. Pembeni ya uwanja kuna mti wenye namba inayoonyesha jaribio la ngapi, na wakati wa mapumziko yale namba haikugeuzwa. Ikabaki mbili.

Wakarudi uwanjani. Bieniemy akajaribu tena, akazuiwa tena. Hilo lilikuwa la tatu, mti unasema la pili. Johnson akabamiza mpira chini kwa mara nyingine zikiwa zimebaki sekunde mbili. Hilo lilikuwa la nne, mchezo ulipaswa kuishia hapo na mpira wapewe Missouri. Lakini mti unasema la tatu! Basi Colorado wakapewa la tano, Johnson akajitosa mwenyewe, ikahesabiwa tachidauni. Matokeo 33-31.

Ndugu msomaji, waamuzi wa mchezo huu wanavaa mpira mwembamba unaonyumbulika mkononi, na kila jaribio wanahamisha kitanzi chake kutoka kidole hadi kidole, ili mtu asisahau amefika la ngapi. Kwa hiyo hesabu ilitakiwa iwepo kwenye vidole vya watu kadhaa, siyo kwenye mti peke yake. Na bado hakuna aliyesimamisha mchezo akasema, "Jamani, hebu tuhesabu upya."

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile liliharibika kweupe, maana wingi bila kuulizana ni msongamano tu. Waamuzi walisimamishwa kazi, lakini matokeo hayakubadilishwa, na msimu ulipoisha Colorado wakatajwa mabingwa wa nchi katika kura ya waandishi wa habari. Wale vijana wa Missouri wamezeeka na 33-31 yao moyoni.

MMOJA ANASEMA GOLI, MWINGINE ANASEMA HAPANA

Tuje Septemba 24, 2012, usiku wa Jumatatu, mjini Seattle. Mwaka ule ligi ilikuwa na mgogoro wa mkataba na waamuzi wake, ikawafungia nje na kuleta wa kuazima kutoka ngazi za chini. Wiki tatu nzima watu walikuwa wanalalamika.

Green Bay wanaongoza Seattle 12-7, ni mchezo wa mwisho kabisa. Russell Wilson anaurusha mpira juu kuelekea eneo la mwisho, kundi la wachezaji linaruka. Wawili wanaanguka wameukumbatia mpira mmoja, Golden Tate wa Seattle na M.D. Jennings wa Green Bay. Kama ni wa Tate, Seattle wameshinda. Kama ni wa Jennings, mechi imekwisha na Green Bay wanakwenda kuoga.

Waamuzi wawili wakafika pale. Wakatazamana kidogo tu, kama watu wanaopishana mlangoni, halafu kila mmoja akainua mikono kivyake. Mmoja mikono juu wima, yaani tachidauni. Mwenzake akaipunga kichwani kusimamisha saa. Kwa wakati mmoja, umbali wa hatua mbili! Picha ile ilizunguka dunia nzima.

Sheria inasema wawili wakishika kwa pamoja, mpira ni wa timu iliyourusha. Kwa hiyo lilikuwa ni suala la kuamua nani alishika kwanza, na hilo lilihitaji mazungumzo. Wangejipa nusu dakika tu wakaulizana wewe umeona nini, na mimi nimeona nini. Lakini mikono ilipoinuka, neno lilikuwa limeshatoka. Picha za marudio zilitazamwa, wakaona hazitoshi kubatilisha, Seattle wakapewa ushindi wa 14-12. Kesho yake ligi yenyewe ikakiri kwamba kabla ya kurukia mpira Tate alimsukuma mlinzi, na kitambaa kilitakiwa kirushwe.

Siku mbili baada ya mechi hiyo mkataba ukapatikana. Alhamisi Septemba 27, mjini Baltimore, waamuzi wa kudumu walipoingia uwanjani watu wakasimama na kuwapigia makofi. Umewahi kuona wapi marefa wanashangiliwa?

SIMU YA PITTSBURGH

Usidhani ni vurugu tu. Kuna siku waliyoifanya kazi yao kiutu uzima, nayo ni ya zamani, Desemba 23, 1972, mji wa Pittsburgh. Steelers wako nyuma 7-6 dhidi ya Raiders, zimebaki sekunde 22, wako kwenye jaribio lao la nne. Terry Bradshaw anaurusha mpira kwa mwenzake Fuqua. Fuqua anagongana na mlinzi Jack Tatum wa Raiders, mpira unaruka kurudi nyuma, unakaribia kugusa majani, mara Franco Harris anatokea, anaudaka karibu na viatu vyake, huyoo! Mpaka mwisho wa uwanja.

Watu wakamiminika uwanjani. Lakini sheria ya siku zile ilisema, mpira ukimgusa mshambuliaji mmoja, mshambuliaji mwenzake haruhusiwi kuudaka mpaka uwe umeguswa na mlinzi. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: ulimgusa Tatum, au Fuqua peke yake? Kitu cha kufumba na kufumbua, watu wamegongana, nani aseme?

Refa mkuu, Fred Swearingen, hakujifanya anajua. Akawakusanya wenzake. Waliokuwa mahali pa kuona wakasema walichoona, ambao hawakuwa mahali pa kuona wakasema hawakuona. Wawili walikuwa na uhakika kwamba mpira uliguswa na pande zote mbili. Kisha akaenda kwenye simu iliyokuwa pembeni ya uwanja, akazungumza na mkubwa wa waamuzi, Art McNally, aliyekuwa juu kwenye chumba cha waandishi. Akarudi, akainua mikono. Tachidauni, na mwisho wa mchezo ikawa 13-7.

Mpaka leo watu wa Raiders hawajakubali, na huwezi kuwalaumu, picha za enzi zile hazikati kiu. Sheria yenyewe ilikuja kufutwa mwaka 1978. Ila mimi ninachokipenda ni zile dakika za kati. Mtu mzima, uwanja mzima unakutazama, maelfu wanakusukuma useme haraka, na wewe unasema hapana, ngoja niwaulize wenzangu. Ujasiri wa namna hiyo hauonekani kwenye picha, lakini upo.

Na tangu hapo wamezidi kujipanga. Mwaka 2014 waamuzi wa NFL walivalishwa vifaa vya masikioni ili wazungumze bila kukimbizana, na mwaka huohuo refa anayetazama marudio akaunganishwa na makao makuu New York. Mitambo imewasaidia sana. Lakini mtambo haumlazimishi mtu kufungua mdomo.

KITAMBAA AMBACHO HAKIKURUKA

Hapa ndipo mshikaji wangu aliponimaliza. Januari 20, 2019, New Orleans, mechi ya kuwania kuingia Super Bowl. Saints na Rams wako 20-20, zimebaki chini ya dakika mbili. Drew Brees anaurusha mpira pembeni kwa Tommylee Lewis. Kabla mpira haujafika, mlinzi wa Rams, Nickell Robey-Coleman, anamvamia Lewis na kumwangusha. Kosa la wazi, hata mama anayeuza vitumbua pembeni ya kibanda cha fundi alisema "Ah! Huyo kaonewa."

Waamuzi saba, vitambaa saba mfukoni. Hakikuruka hata kimoja. Wala hawakukusanyika kuulizana. Mchezo ukaendelea, Rams wakasawazisha na kushinda 26-23 kwenye muda wa nyongeza. Baada ya mechi, Robey-Coleman mwenyewe alikubali kwamba aliwahi kufika. Wenye ligi wakabadili sheria ili msimu uliofuata makosa ya aina hiyo yaweze kutazamwa upya kwenye picha, mwaka 2020 wakaiacha. Lakini Saints hawakurudishiwa kitu.

Hapo mshikaji akazima simu. "Unaona," akasema, "aliyekosea baada ya kuongea unaweza kubishana naye. Aliyenyamaza utabishana naye nini?"

Msomaji, nilihisi kama amenimwagia maji ya baridi. Hakuwa anajua habari ya kibendera changu.

KIPA YULE

Wiki ile nikamfuata yule refa wa fainali yetu, mzee wangu kwa umri, nikamwamkia, nikamweleza yote. Sikuficha. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikutazama kwa sababu nilikuwa sijaona. Ulipokimbia nikajua wewe umeona na ni halali. Ungenipungia mkono nije, tungesimama wawili pale. Kama ni kupigwa tungepigwa wote." Nami nilidhani kunyamaza kwangu ni jambo langu mwenyewe. Kumbe nilimfanya na yeye aseme uongo bila kujua.

Kisha nikamtafuta kipa. Siku hizi anaendesha bodaboda. Nilipomwambia niliuona mkono, kwanza akacheka. "Sasa leo ndiyo unaniambia? Mbuzi si alishaliwa!" Halafu cheko likakatika. Akaniambia baada ya ile mechi wenzake walimgeuka. Walisema aliuachia mpira makusudi, kwamba alihongwa. Alijitetea kwamba alisukumwa na mkono, wakamwuliza, kama kulikuwa na mkono mbona hata mshika kibendera hakuona? Akakosa jibu. Akaacha timu, na glavu zake akampa mdogo wake.

Nikabaki nimeduwaa. Siku zote hizo mimi nilikuwa nadhani nimewanyima mbuzi tu.

Nilimwomba radhi, akasema yameisha, akawasha pikipiki yake akapata abiria. Lakini mimi naona hayajaisha. Wale marefa wa Kimarekani wana ile desturi ya mwenye kofia nyeupe kuwasha kipaza sauti na kuwaambia watu wote. Mimi sina kofia nyeupe, nina ukurasa huu. Kwa hiyo ninyi mliocheza naye, na mnajijua, nasikia gazeti hili mnalisoma kijiweni kila wiki: goli lile lilikuwa la mkono. Kipa wenu hakuuza mechi. Mimi ndiye niliyekuwa na kibendera, niliona, nikanyamaza.

Jumapili hii nimepewa tena kibendera. Refa ni yuleyule mzee. Tumeshakubaliana: nikiona nainua, nisipoona namwambia sikuona, na tukitatizika tunasimama pamoja katikati ya uwanja, watu wazomee mpaka wachoke.

Tukutane wiki ijayo, kama nitatoka salama uwanjani.